Futari ya Bi Mwanapili

Daktari alisema maneno yake akiwa amesimama, mkono wake mmoja ungali juu ya tumbo la Bi Mwanapili. Alisema ngiri ile ya kitovuni imekuwa kubwa, na kwamba iko siku utumbo utapenya pale penye tundu ubanwe usiweze kurudi, na siku hiyo ikifika mgonjwa hatakuwa na muda. Dawa yake ni kupasuliwa, tundu lishonwe. Lakini kumpasua kwa unene aliokuwa nao hakuthubutu; dawa ya usingizi ingemlemea kifua, na mshono ungefumuka kabla haujashika. Apunguze mwili kwanza. Arudi hospitali baada ya Maulidi, apimwe tena, na akiwa amepungua atapewa siku yake.

Aliyekuwa akisikiliza ni Kadzo, bintiye. Bi Mwanapili mwenyewe alikuwa akitazama dirishani, kama mtu anayesimuliwa ugonjwa wa jirani.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Madaktari wa Kizungu walikuwa wakiondoka mmoja mmoja, na huyu mpya, kijana wa Kihindi mzaliwa wa Mombasa, alikuwa na wagonjwa wengi kuliko saa za mchana. Kwa hiyo maelezo ya chakula alimwachia dresa wake, mfunga vidonda, Katana, Mgiriama wa pande za Malindi, mtu mzima mwenye sauti ya chini. Katana aliwaketisha pamoja kwenye benchi la nje wale wanawake wawili walioambiwa wapungue siku ile, akawaambia yale aliyoagizwa amwambie kila mnene: waache nazi na samli, wali waupunguze nusu, wasile baada ya jua kuchwa, na kila asubuhi watembee.

Yule mwanamke wa pili alikuwa Kahaso, ametoka Kinango, mpana wa mabega, amevaa hando, sketi yake ya marinda ya kaniki. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Baba, nazi sisi tunaiona ikipita ndani ya lori," akasema. "Na huko kutembea, maji nayafuata tangu alfajiri mpaka jua la utosini. Sasa unataka nitembee tena niende wapi, kwako?"

Benchi zima likacheka, na Katana naye akacheka huku akijifuta shingo. Alisema maneno yale ni kama kaptura za jela, kipimo kimoja kwa watu wote, na anayezivaa ndiye ajuaye zinapombana. Akamchukua Kahaso pembeni, akaanza kumwuliza habari za maziwa na habari za ugali wake, anakula na nani na saa ngapi. Bi Mwanapili hakungoja zamu yake ya kuulizwa. Alijiinua kwa kushika bega la Kadzo, wakashika njia ya kurudi nyumbani.

Njiani, walipokaa kupumzika, ndipo aliposema.

"Yule dresa ana akili. Hata mimi sijapata kunenepesha wasichana wawili kwa kikombe kimoja."

Hilo lilikuwa kweli, na kuanzia Gazi mpaka Ramisi hapakuwa na asiyelijua. Bi Mwanapili alikuwa kungwi. Msichana akiposwa, akiwekwa ndani kungoja harusi yake, yeye ndiye aliyeitwa kumsinga na kumlisha, ili siku ya kutolewa mbele ya watu atoke na shavu na shingo. Wenzake walikuwa na uji wao mmoja, wakampa kila msichana. Yeye siku ya kwanza hakulisha kitu. Alikaa tu na yule msichana, akamtazama viganja na kucha, akamwuliza mama yake alimwachisha ziwa kwa chakula gani. Kuna aliyempa uji wa mtama na samli. Kuna aliyemkataza maziwa kabisa akamlisha supu ya samaki changu na muhogo. Mmoja wa kijiji cha Shirazi, ambaye watu walikuwa wamekata tamaa naye, alimpa wali ule ule wa nyumbani kwao, ila hakumwacha ale peke yake hata mara moja. Na mwili wake mwenyewe ulikuwa ndio tangazo lake. Kungwi mkavu, alikuwa akisema, ni kama kinyozi mwenye mapunye. Nani atampa kichwa?

Sasa akajishonea mwenyewe tiba yake. Alimwambia Kadzo kuwa kwake yeye taabu haikuwa nazi wala wali. Taabu ilikuwa kukirimiwa. Akitoka nje anaitwa, na akiitwa anawekewa sahani, na sahani haikataliwi. Lakini mtu aliyefunga hakuna amlazimishaye. Kwa hiyo atafunga saumu ya Nabii Daudi, leo afunge, kesho ale, mpaka Maulidi ipite. Mwili utapungua na thawabu atapata.

Kadzo alifurahi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini, ameachwa kwa kukosa mtoto, amerudi kwa mamaye na sanduku lake moja la bati. Hakuwa na mume wala mwana, na baba yake alikwisha kufa. Huyu mama ndiye mtu wake. 

Siku ya kwanza ya saumu ilipita vizuri. Magharibi ilipoadhiniwa Kadzo alikuwa ameandaa tende, maji, na kibakuli cha uji. Bi Mwanapili alikuwa hajaimaliza tende yake ya kwanza iliposikika hodi. Alikuwa jirani yao, Bi Mbodze, na kichwani amejitwika sinia lililofunikwa kawa. Ndani mlikuwa na viazi vitamu vya nazi, kaimati zilizorowa shira, na samaki wa kupaka.

"Nimesikia umefunga, mwenzangu," akasema. "Nami kwa nini niache thawabu zangu ziende kwa jirani wa kule?"

Maana anayemfuturisha aliyefunga hupata ujira kama wake, na hilo kila mtoto wa chuoni anaambiwa. Habari ikaenea. Jioni ya saumu iliyofuata wakaja wawili, na baada ya hapo Kadzo hakuhesabu tena. Walikuja na mkate wa sinia, mbaazi za tui zito, ndizi mbivu zilizopikwa kwa iliki, tambi za sukari. Karibu wote walikuwa wanawake ambao Bi Mwanapili aliwaweka ndani wao wenyewe, au aliwawekea mabinti zao, nao hawakuwa wamepata nafasi ya kumlipa kwa kitu kikubwa kuliko asante. Waliketi mkekani, wakafunua makawa, wakamtazama. Naye alimega kwa kila mmoja. Ukimega kwa Bi Mbodze usimege kwa Bi Kanze, Bi Kanze atakwenda zake akijiuliza unaogopa nini katika chungu chake, na kesho yake ataulizwa na wengine. Watu wamewahi kuitwa wachawi kwa tonge moja lisiloliwa.

Halafu walikaa. Walisimuliana, wakamtania. Bi Mbodze alimwuliza kama daktari ameoa, maana mgonjwa akishapungua patakuwa na posa. Bi Mwanapili alicheka mpaka akashika tumbo, na Kadzo, aliyekuwa akitoa maji ya kunawa, alikuwa hatazami nyuso zao bali vidole vya mamaye vikienda na kurudi.

Haukupita muda mrefu leso ya Bi Mwanapili ikaacha kukutana kiunoni. Aliizungusha, ncha zikabaki zinatazamana, akaingiza kipande cha kamba katikati.

Kisha likatokea jambo la mchana mmoja. Bi Mwanapili aliinama mtungini kuchota maji, akabaki hivyo hivyo ameinama, kata ikaanguka. Kadzo alipomlaza alikuta ile ngiri imekuwa ngumu kama ngumi, ngozi juu yake inang'aa. Mama alikuwa akitokwa jasho mdomoni. Kadzo hakujua la kufanya; aliweka tu kiganja chake pale, akakanda polepole, akisoma kila alichokijua, mpaka akahisi kitu kikiteleza ndani chini ya mkono wake na mama akapumua.

"Imerudi," Bi Mwanapili akasema. Halafu akageukia ukutani.

Asubuhi Kadzo alikwenda hospitali peke yake. Katana alimkuta akingoja penye ngazi, akamkaribisha kwenye kile chumba cha kufungia vidonda. Hakumlaumu mama wala yeye. Aliuliza kama alivyomwuliza Kahaso, swali baada ya swali: anakula nini akiwa peke yake, anakula nini wakija watu, siku asiyofunga anakula kiasi gani. Kadzo akijibu naye akagundua jambo ambalo alikuwa akiliona kila siku bila kulijua. Mama yake akiwa peke yake hakuwa mlaji. Siku zisizo za saumu, bila wageni, alikula muhogo kidogo na chai, akatosheka.

Katana akasogeza kigoda chake karibu.

"Basi kwa huyu tusihangaike na chungu chenu," akasema. "Tiba yake ni mlango. Nenda kwa hao majirani kwa adabu, uwaeleze ugonjwa wenyewe. Waombe waje kama kawaida, ila waje mikono mitupu. Hatuwezi kumwambia yeye akatae. Wewe ndiye utakayekataa kwa niaba yake."

Yalikuwa maneno ya busara, na yalimkaa Bi Mwanapili kama nguo aliyopimiwa. Kadzo alitoka pale akiwa mwepesi wa miguu. Alianza kwa Bi Mbodze, kwa kuwa ndiye wa karibu na ndiye aliyempenda zaidi.

Bi Mbodze alikuwa akikuna nazi. Kadzo aliamkia, akaitikiwa, akaketi, akasema yote: ngiri, utumbo, daktari, mizani. Akaomba masinia yasije tena. Bi Mbodze aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kikavu.

"Mamako amekutuma?"

"Hajanituma. Hajui."

"Kwa hiyo ni wewe." Akakigonga kifuu kwenye ukingo wa mbuzi ya kukunia. "Kadzo, mimi nimekuona ukitambaa. Sijapata kuona mtoto akizunguka nyumba za watu kumwombea mamake njaa."

"Si njaa, mama. Ni dawa. Njooni mkae naye kama siku zote, ila tu msibebe kitu."

Bi Mbodze alimtazama kama mtu anayesikia lugha ngeni, kisha akasema kwa upole kuwa amesikia.

Katika nyumba nyingine mambo yalikuwa yale yale, wengine kwa upole, wengine sivyo. Bi Kanze aliuliza, mbele ya wakwe zake, kama ni vyungu vyote vilivyotiliwa shaka au ni chake tu. Mmoja alisema ndiyo maana mume alimrudisha, mkono wake mkavu. Kadzo alivumilia. Alijiambia kuwa maneno hayatoboi tumbo, na kwamba mamaye akishapona wote watacheka.

Jioni ya saumu iliyofuata, Bi Mwanapili alioga, akajifunga leso iliyonyooshwa, akatandika mkeka mkubwa uani. Magharibi ikaadhiniwa. Akala tende, akanywa maji. Akasikiliza. Nje watu walipita, nyayo zikaja karibu, zikaenda.

"Leo kuna matanga wapi?" akauliza.

Kadzo hakuweza kumdanganya. Akamweleza, naye akiwa amepiga magoti mbele yake, tangu kwa Katana mpaka nyumba ya mwisho.  Bi Mwanapili aliukunja mkeka mwenyewe, polepole kwa ajili ya tumbo, akauegemeza ukutani.

"Umewaambia waje mikono mitupu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa mtu aliyefunga."

Kadzo hakuelewa mara moja. Alielewa siku zilivyozidi kwenda. Aliwaomba jambo ambalo hawakuwa na namna ya kulifanya. Kuingia magharibi kwenye nyumba ya mtu aliyefunga, ukakaa mkekani pake, ukamtazama anavyofungua kwa tende, na wewe hukuja na hata kaimati moja, ni aibu ambayo mwanamke wa pwani huirithisha hata wajukuu. Kwa hiyo masinia hayakuja, na wenye masinia hawakuja. Mchana walimwamkia Bi Mwanapili kwa mbali, wakiwa na haraka. Hawakumchukia. Hawakujua tu waje vipi.

Mwili ukaanza kupungua. Kwanza zilikutana ncha za leso, ile kamba ikaondolewa. Kisha leso ikazunguka na kubaki ya kukunja. Kadzo alishukuru Mungu kila alipofua, akiona alama za mikunjo zikihama. Ngiri haikuwa ngumu tena hata siku moja. Alipokuwa akitoa bakuli baada ya futari na kukuta nusu imebaki, moyo wake ulitulia, na mabaki aliwamiminia kuku.

Bi Mbodze alikuwa na binti mmoja bado hajaolewa, kitindamimba, na mwezi wa Mfunguo Tano, mmoja kabla ya Maulidi, akaposwa na mtu wa Diani. Kadzo alingoja mama yake aitwe. Wote wawili walingoja, bila kuambiana. Bi Mwanapili alitwanga liwa ya kusingia akaihifadhi, akatoa kikombe chake cha kupimia akakisugua kwa majivu. Kikaja kilio cha furaha cha upande wa pili wa ua, vigelegele vya msichana kuingizwa ndani, na sauti ya mwanamke asiyemjua ikitoa amri ya maji ya moto. Walikuwa wamemwita kungwi kutoka Vanga.

Kadzo alimwendea Bi Mbodze siku ile ile. Bi Mbodze alimwambia ukweli bila ukali. Kungwi anayemlisha mwali hula pamoja naye. Ndivyo Mwanapili mwenyewe alivyowafundisha. Sasa wao wamekatazwa kumpa chakula. Wangemwita aje alishe huku yeye akitazama? Tena amekonda, na watu wa Diani wangemwona wangeuliza kama ndiye wa kunenepesha.

Tangu siku hiyo Bi Mwanapili hakuacha kufunga, lakini hata siku ya kula alikula kama aliyefunga. Kadzo alianza kubaki na bakuli lililojaa. Alibadilisha vyakula: akatia nazi aliyoambiwa aiache, akatia samli, akakaanga changu mdogo kwa ndimu. Mama alionja, akasifu, akasukuma sahani. Kadzo akakumbuka kuwa katika maisha yake yote hakuwahi kumwuliza mamaye ile kazi yake inafanywaje, anatazama nini katika kiganja na nini katika kucha. Alimuuliza sasa.

"Inategemea mtu," Bi Mwanapili akasema. Akafumba macho.

Maulidi ilipopita walikwenda hospitali. Bi Mwanapili alipanda mizani mwenyewe, bila kushikwa bega. Daktari alitazama mshale, akatazama tena, akacheka kwa furaha ya kweli, akasema kama wagonjwa wake wote wangekuwa hivi angelala mapema. Aliligusa tumbo, akapitisha kidole ukingoni mwa lile tundu. Alisema sasa anaweza, akampa siku katika juma lililofuata. Damu yake imepungua kidogo, lakini si sana. Ale vizuri mpaka siku hiyo.

Katana aliwasindikiza mpaka ngazini. Yeye hakuwa ametazama mizani tu. Alimvuta Kadzo kando, akamwuliza nani huwa anakuja nyumbani siku hizi.

"Hakuna."

"Nilikwambia waje mikono mitupu."

"Kaka Katana, nani kwetu atakwenda mikono mitupu kwa mtu aliyefunga?"

 Kwao Katana watu hawakufunga, na jambo lile hakuwa amelifikiria. Akasema kuwa amekosea kipimo. Kadzo alimjibu kuwa si yeye aliyezunguka nyumba kwa nyumba.

Jioni hiyo Kadzo alirudi kwa Bi Mbodze, akapiga magoti mlangoni, akamwomba yeye na wenzake wamrudie mama yake, na masinia yao, na chochote watakacho. Bi Mbodze alimwinua. Macho yalimjaa machozi. Lakini alisema kuwa mlango ulifungwa kwa jina la mwenye nyumba, hata kama hakutuma, na kila mtu alisikia; wakirudi kwa neno la mtoto watakuwa wanaendeshwa na mtoto huku na huku kama mbuzi. Mwanapili mwenyewe na aseme neno moja tu, hata kwa kupitisha ukutani, nao watakuja usiku huo huo.

Kadzo alikimbia kumwambia mamaye. Bi Mwanapili alisikiliza, kidevu kimeegemea goti.

"Niwaite waniletee futari?"

"Waite tu waje, mama."

"Mtu haombi futari, mwanangu. Huletewa." Halafu, kwa kuwa aliuona uso wa binti yake, akaongeza, "Hata wao wanajua. Wangekuwa wao wasingeniita."

Kadzo alikaa katikati ya nyumba mbili zilizokuwa zikilia moja kwa ajili ya nyingine, na hakuona pa kupita.

Siku ya kupasuliwa ilipofika alikuja mjomba Suleiman, kaka yake Bi Mwanapili, ametafuta gari la mtu wa Ukunda. Kwa Wadigo mjomba ndiye mwenye neno, na Kadzo ndiye aliyempelekea habari, maana siku mbili kabla mamaye alikuwa amesema haendi. Suleiman alisimama uani akiwa na kofia yake mpya.

"Mwanapili, mimi ni nduguyo. Nikisema panda, utapanda."

"Nitapanda," Bi Mwanapili akajibu kwa heshima. "Na nikifika nitamwambia daktari sitaki. Hapasui asiyetaka."

"Unaogopa kisu?"

"Sikiogopi."

Suleiman alijaribu kwa upole, kisha kwa ukali, kisha akamtaja marehemu mama yao. Dereva alipiga honi mara moja, akaona aibu, akazima gari. Mwishowe Suleiman alikaa chini ya ukuta na kuvua kofia, akaishika mkononi bila kuitazama. Kadzo alimshika mamaye miguu. Ilikuwa miguu myembamba, yenye ngozi iliyolegea, na hakuizoea.

"Mama, nilikosa. Niadhibu kwa lingine, si kwa hili."

Bi Mwanapili aliweka mkono juu ya kichwa cha bintiye.

"Sikuadhibu. Radhi zangu unazo zote, usije ukalia kwa hilo. Ulitaka nipone, na dawa uliyoleta ilikuwa ya kweli, hata mizani imesema." Alipumua. "Lakini aliyepasuliwa hulazwa, Kadzo. Na aliyelazwa hutazamwa na watu. Akirudi nyumbani hupokewa. Nikilala kwenye kile kitanda, wenzangu pande zote wana watu wao, mimi mlangoni nitamtazamia nani?"

"Mimi."

"Wewe ninaye," akasema. "Wewe ninaye, mwanangu." Akaendelea kumpapasa kichwa kama anayembembeleza mtoto aliyeanguka, wala hakubadilisha neno lake.

Gari liliondoka na Suleiman peke yake. Adhuhuri Katana alikuja kwa miguu kuona kulikoni. Alikaribishwa maji, akanywa, akasema kuwa daktari hakukasirika na kwamba anaweza kumpa siku nyingine akitaka. Bi Mwanapili alimshukuru. Alimwuliza habari za Kahaso, kama amepungua. Katana akasema amepungua kidogo, anaendelea, huja na mke mwenzake wakigombana njia nzima. Bi Mwanapili akatabasamu. Katana alipoaga, Kadzo alimfuata mpaka nje ya ua, akangoja aseme kitu, naye alikuwa akingoja vivyo hivyo. Wakaachana.

Jioni Kadzo alipika uji wa mchele, akautia tui la kwanza, zito, na iliki. Upande wa pili wa ua wanawake walikuwa wakimsinga binti wa Bi Mbodze na kuimba kwa sauti ya chini, chini kuliko ilivyo desturi, kama watu wanaojua kuwa wanasikika. Alimletea mamaye bakuli. Bi Mwanapili alikunywa vijiko viwili, akamtazama bintiye, akanywa cha tatu kwa ajili yake, akakiweka kijiko.

Kadzo alilipakata lile bakuli lililobaki karibu kujaa, likimchoma mapajani kwa moto, na hakuliondoa. Akauliza kama aongeze sukari.

"Iache tu," Bi Mwanapili akasema. "Iko sawa."

Watu walikuwa wakirudi kutoka msikitini. Nyayo zilikuja mpaka karibu na mlango, zikapunguza mwendo kidogo, zikapita.